Mkate wa Kukaanga kwa Namna ya Wahindi



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya jambo la jikoni, nalo ni kipande cha mkate wa ngano kilichokaangwa kwa samli juu ya chuma, kama ilivyo desturi ya Wahindi nyumbani mwao. Wengi hukiita chakula hiki tosti. Huenda wako watakaosema, "Je, walimu hawa wameishiwa na maneno, hata watufundishe kula mkate?" Twawaomba subira. Mambo ya jikoni ni madogo machoni pa watu, lakini hurudi kila siku, na jambo lirudilo kila siku, mwaka uishapo, limekwisha kuwa kubwa. Nyumba nyingi hupungukiwa si kwa hasara moja iliyo kubwa, bali kwa vipande vilivyotupwa, kuni zilizowaka bure, na fedha zilizonunua kitu kisichoshibisha.

Yafaa tuseme mapema shabaha ya maneno yetu. Twataka kuonyesha ya kwamba mkate, ambao kwetu ni kitu cha kununuliwa na kutoka mbali, waweza kuwa chakula cha kweli cha asubuhi kwa mtoto wa shule, bila ya tanuri, bila ya mashine ya umeme, na bila ya kutupa hata kipande cha ncha. Iwapo tutauchanganya na vitu tulivyo navyo wenyewe, yaani samli, mayai, maharage na asali.

Sisi twakaa katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, upande wa Kasulu na Kibondo, nchi ijulikanayo tangu zamani kwa jina la Buha. Nchi hii imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, na katika miezi ya Juni na Julai asubuhi zake ni za baridi. Ukisimama kando ya njia jua linapochomoza, utawaona watoto wakienda shule, miguu imelowa umande. Mwalimu aingiapo darasani humtambua upesi mtoto aliyekula na mtoto asiyekula. Yule asiyekula haisikii hesabu. Alisikia tumbo lake tu. Basi swali la chakula cha asubuhi si swali la mapishi peke yake; ni swali la elimu pia.

Wazee wetu hawakukosa jibu la swali hilo. Walikuwa na uji, viazi vitamu, ndizi, maharage, na maziwa ya ng'ombe wao wenye pembe ndefu. Vyakula hivi vingali vizuri, wala hatusemi viachwe. Aliye na viazi vyake na maharage yake hana sababu ya kuona haya mbele ya mwenye mkate. Walakini mkate umekwisha kuingia. Uko katika maduka ya Kasulu na ya Kibondo, na vijijini hufika juu ya baiskeli na pikipiki. Mzazi aamkaye alfajiri kwenda shamba huununua kwa kuwa hauhitaji kupikwa. Umekuwa mgeni wa nyumba zetu, na mgeni yafaa tujue alikotoka.

Ngano si zao kubwa la milima yetu. Katika Tanzania hulimwa zaidi katika nyanda nyingine za baridi, kama Hanang' na magharibi ya Kilimanjaro. Na sehemu kubwa ya ngano iliwayo nchini hununuliwa ng'ambo na kuletwa kwa meli. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914, nayo ni safari ya kilometa zaidi ya 1,200. Na kutoka kando ya ziwa hata kwetu yabaki kupanda milima kwa gari. Kila aushikaye unga huo njiani hana budi kupata riziki yake, na mlipaji wa mwisho ni yule mama asimamaye mbele ya duka pale Kibondo. Kwa hiyo kipande cha mkate kikitupwa, mjue ya kuwa kimetupwa kitu kilichosafiri mbali kuliko karibu kila chakula kilichomo nyumbani.

Waswahili husema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Mkate nao ni hivyo. Siku ya kwanza ni laini, huliwa mtupu pamoja na chai. Siku ya pili umeanza kukakamaa. Siku ya tatu wengi huwatupia kuku. Sisi twasema, siku hiyo ya tatu upeni jembe. Utieni kikaangoni, nao ufanye kazi.

Labda mwauliza, kwa nini tuseme namna ya Wahindi, wakati watu wa mataifa mengi huchoma mkate? Jibu lake lina faida kwetu. Mkate wa kuumuka wa mtindo wa Ulaya ulifika Goa, katika pwani ya magharibi ya India, pamoja na Wareno, walioutwaa mji huo mwaka 1510. Hata leo watu wa Goa na wa Bombay, mji uitwao sasa Mumbai, huuita mkate huo pav, neno litokalo katika lugha ya Kireno. Waokaji wa Goa, walipokosa hamira, waliuumua unga wao kwa tembo la mnazi. Sehemu nyingine za India mkate wa namna hiyo uliitwa dabal roti.

Lakini nyumba ya kawaida ya Mhindi haikuwa na tanuri. Ilikuwa na moto, na juu ya moto kile chuma bapa cha kupikia chapati, kiitwacho kwao tava. Basi mkate ukatoka kwa mwokaji, ukaingia nyumbani, na mama wa nyumba akaupasha moto kwa chombo alichokuwa nacho, akiupaka samli kama apakavyo chapati. Hivyo ndivyo tosti ya Kihindi ilivyozaliwa. Haikuzaliwa kwa wingi wa vyombo, bali kwa uchache wake. Wahindi walipokuja kukaa Afrika ya Mashariki, na maduka yao yakafuata njia za reli, walikuja na mapishi yao, nasi tumeyapokea hata tumesahau ya kuwa ni mapishi ya ng'ambo. Nani leo afikiriye kwamba chapati, bajia, kachori na achari vilikuwa vitu vya kigeni? Na miongoni mwa Wagoa waliokaa katika miji ya pwani walikuwako waokaji mikate na wapishi hodari.

Sasa tazameni jiko la nyumba zetu. Mafiga matatu au jiko la mkaa chini, sufuria au chuma juu, tanuri hakuna. Ni jiko la namna ile ile. Kwa hiyo upishi huu watufaa sisi kuliko ule wa mashine ya kuchomea mkate, ambayo yataka umeme, na ambayo hukausha mkate tu pasipo kuuongezea kitu.

Na tuanze kazi yenyewe. Kwanza vyombo. Yatosha chuma cha chapati, au kikaango kizito chenye kitako kinene. Sufuria nyembamba hushika moto mahali pamoja na kuunguza, lakini asiye na kingine aitumie kwa moto mdogo. Pamoja na hicho, awe na kisu, mwiko mpana au kijiko cha kugeuzia, na sahani. Chuma kipya kisafishwe, kipakwe mafuta kidogo, kipashwe moto na kufutwa mara mbili tatu, nacho kitaacha kunata.

Pili, moto. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Mkate si nyama. Hautaki ndimi za moto, wataka makaa. Saa iliyo njema ni pale uji au chai imekwisha kuepuliwa, na kuni zimekuwa makaa mekundu yenye jivu juu yake. Makaa hayo katika nyumba nyingi huachwa yazime bure. Tandazeni makaa sawasawa, mweke chuma juu, mngoje kidogo. Kisha nyunyizeni matone mawili matatu ya maji. Yakikaa kimya, chuma kingali baridi. Yakichemka na kukauka taratibu, chuma ki tayari. Yakirukaruka na kubiringika kama shanga, moto umezidi. Ondoeni makaa machache, msubiri. Kwa njia hii mwapika bila ya kuongeza hata ukuni mmoja.

Tatu, mkate wenyewe. Mkate mzima ukateni vipande vyenye unene wa kidole kidogo. Ule ulionunuliwa umekwisha kukatwa slesi utumieni kama ulivyo. Mkate wa siku ya pili au ya tatu ndio ufaao zaidi. Yafaa tueleze sababu. Watu hudhani mkate hukakamaa kwa kukauka tu. Sivyo. Wanga uliolainika ndani ya tanuri, ukipoa, hujipanga tena na kuwa mgumu, hata kama mkate umefungwa vizuri katika mfuko. Joto la moto huulegeza wanga ule mara ya pili, na kwa hiyo kipande kigumu, kikipashwa, huwa laini ndani kama kwamba kimetoka kwa mwokaji asubuhi hiyo. Lakini kisiachwe kipoe, maana kitarudia ugumu wake, na ugumu wa pili hushinda wa kwanza. Tosti huliwa ikiwa moto.

Hapa twatoa onyo. Ugumu ni jambo moja, na ukungu ni jambo jingine. Mkate wenye madoa ya kijani, meusi au meupe kama pamba, usikwanguliwe ukaliwa. Kuvu ina mizizi iliyoingia ndani isikoonekana kwa macho, na kukaanga hakuondoi sumu zake zote. Mkate huo utupwe, wala wasipewe kuku.

Nne, samli. Wafugaji wa Buha wajua kusukasuka maziwa ndani ya kibuyu mpaka siagi ikajitenga. Siagi hiyo haifai sana kukaangia kama ilivyo, kwa kuwa kiasi cha sehemu moja katika tano yake ni maji na chembe za maziwa, na chembe hizo huungua upesi na kuleta uchungu. Itieni katika sufuria safi juu ya moto mdogo. Itachemka kwa kelele, maana maji yanatoka. Kelele ikipungua, povu likapanda, na chembe zilizozama chini zikawa rangi ya kahawia huku harufu nzuri inanukia, ipueni, mchuje kwa kitambaa safi kikavu. Hiyo ndiyo samli. Ikitiwa katika chombo kikavu chenye kifuniko hukaa majuma mengi bila ya kuharibika, na huvumilia moto kuliko siagi. Asiye na samli atumie mafuta ya alizeti, kidogo tu.

Basi sasa twaja kwenye namna ya kwanza, iliyo rahisi kuliko zote. Tieni juu ya chuma nusu kijiko cha chai cha samli, muieneze. Wekeni kipande cha mkate, mkisogeze huku na huku ili kinywe samli sawasawa, kisha mkiache. Kikandamizeni kidogo kwa mwiko ili uso wake wote uguse chuma. Baada ya dakika mbili hivi inueni upande mmoja mtazame. Rangi ikiwa kama ya asali iliyoiva, tieni samli kidogo tena, mkigeuze. Upande wa pili hupata upesi zaidi, kwa kuwa kipande kimekwisha kushika joto. Kikiwa tayari kiondoeni, wala msivipange vipande kimoja juu ya kingine katika sahani, maana mvuke wake utavilowesha na kazi yenu itapotea. Visimamisheni vikiegemeana kama vigae, mvuke utoke. Mwenye kupenda atie punje za chumvi na pilipili manga. Hii pamoja na kikombe cha chai ya maziwa yenye tangawizi ndiyo tosti ya asubuhi katika nyumba nyingi za Wahindi.

Atakaye utamu na apake asali. Asali ya Kibondo ina sifa njema, hutoka katika misitu ya miombo ambamo watu wetu huweka mizinga yao. Lakini ipakwe baada ya mkate kuondoka motoni, si kabla, kwa sababu utamu huungua upesi kuliko unga. Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake changa haliwezi kuvishinda.

Namna ya pili ni ile ambayo Wahindi wenyewe huiita tosti ya Bombay. Kwa vipande vinne vya mkate chukueni mayai mawili, maziwa yaliyochemshwa vijiko viwili vya chakula, kitunguu kimoja kidogo, pilipili mbichi nusu, majani kidogo ya giligilani, chumvi, na unga wa manjano wa kushika kwa ncha za vidole viwili. Vitu hivi vikatwe vidogo sana. Kitunguu kikikatwa kikubwa huanguka na kubaki katika bakuli. Pigeni mayai pamoja navyo. Chovyeni kipande upande mmoja, mhesabu mpaka tano, mkigeuze, mhesabu tena mpaka tano, kisha mkiweke juu ya chuma chenye samli. Hapa mtaona faida ya mkate mgumu. Mkate mpya ukichovywa hukatika mikononi, bali ule wa siku ya tatu hunywa yai lote nao unasimama imara. Chakula ambacho watu walikuwa wakikidharau kwa ugumu wake, hapa ugumu huo ndio sifa. Moto uwe mdogo, na kipande kikae mpaka yai limeiva hata ndani. Yai bichi si salama kwa watoto.

Namna ya tatu twawasifia kuliko zote, maana ndiyo ishibishayo. Katika vijia vya Mumbai wauzaji huweka viazi mviringo vilivyopondwa na viungo katikati ya vipande viwili vya mkate, kisha hukaanga vyote pamoja. Sisi tuna kitu kilicho bora zaidi ya viazi, nacho ni maharage. Nchi yetu hulima maharage, na ni nyumba chache ambazo hazikupika maharage jana jioni. Twaeni maharage yaliyobaki na kuhifadhiwa vizuri, yachemsheni tena mpaka yatoe mvuke sana, mpunguze mchuzi wake, kisha muyaponde kwa mwiko. Tieni kitunguu kilichokaangwa, chumvi, na matone ya mawese kutoka kando ya ziwa, ambayo huleta rangi nyekundu na harufu njema. Wekeni maharage hayo katikati ya vipande viwili, unene usizidi kidole, mpake samli upande wa nje. Wekeni juu ya chuma, na juu yake kifuniko kizito kiukandamize mkate. Ngojeni dakika tatu, geuzeni, ngojeni mbili. Ukate katikati, mpeni mtoto. Nusu moja mkononi, hata akiwa njiani aenda shule, haimwagiki.

Kwa nini twausifia mkate huu wa maharage? Kwa sababu mkate mweupe peke yake, pamoja na chai yenye sukari nyingi, ni chakula chepesi. Hujaza tumbo upesi, na kabla ya saa nne ya asubuhi njaa imerudi. Lakini nafaka na jamii ya kunde hukamilishana, kile kilichopungua katika ngano huwamo katika maharage, na kile kilichopungua katika maharage huwamo katika ngano. Ongeza mawese mekundu, ambayo yana asili ya vitamini A ifaayo macho. Hapo mgeni aliyekuja mikono mitupu amepewa mzigo wa kubeba. Wazee husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji haponi kwa kumtazama mgeni, apona kwa kushirikiana naye.

Sasa natuyahesabu mambo haya kama tufundishavyo darasani. Tuseme mkate una vipande 16, na nyumba ina watu 6. Siku ya kwanza kila mtu amekula vipande 2; ni vipande 12. Vimebaki 4, na miongoni mwao ni vile viwili vya ncha ambavyo watoto huvikataa. Vikitupwa, na ikiwa nyumba hii hununua mikate 2 kila juma, yatupa vipande 8 kwa juma. Katika majuma manne ni vipande 32, yaani mikate miwili mizima. Nyumba hiyo ingestaajabu kama mtu angekuja mwisho wa mwezi kuidai bei ya mikate miwili bila sababu; lakini yajidai yenyewe kila mwezi bila ya kujua. Vipande hivyo vinne, pamoja na mayai mawili na kitunguu kimoja, ni chakula cha asubuhi cha watoto wanne, kila mmoja kipande, na kikombe cha maziwa au uji pembeni.

Wako wasikilizaji wetu wasiopata mkate karibu, nao wasidhani maneno haya hayawahusu. Kiazi kitamu kilichochemshwa jana, kikikatwa vipande na kukaangwa kwa samli kidogo juu ya chuma, hupata ganda zuri la nje na ulaini wa ndani. Chapati ya jana hali kadhalika. Maarifa ni yale yale: makaa madogo, chuma kizito, samli kidogo, na subira.

Twataka pia kusema neno kwa vijana wetu wa vyuo vya ualimu, hasa wanaume. Mwalimu mpya apelekwaye shule ya mbali mara nyingi hukuta chumba kimoja, mafiga matatu na kikaango kimoja. Wengine, kwa kuwa hawakufundishwa kupika kwao, huanza siku kwa chai tupu, kisha husimama mbele ya watoto 60 mpaka saa nane, sauti imekauka na hasira zi karibu. Mtu wa namna hiyo hafundishi vizuri, hata kama ana vyeti vingi. Si aibu kwa mwanamume kushika mwiko. Wapishi wengi wa hoteli na wa meli ni wanaume, nao hujisifia kazi yao. Namna hizi tatu tulizozieleza hazizidi robo saa, na kijana awezaye kuwasha moto na kuhesabu mpaka tano aweza kuzifanya zote.

Kabla ya kuaga, twakumbusha makosa yaonekanayo mara kwa mara, ili mjihadhari nayo. La kwanza ni moto mkali. Nje huungua na ndani hubaki baridi. Kipande kilichokuwa cheusi kikwanguliwe sehemu ile nyeusi, wala watoto wasizoeshwe kula makaa. La pili ni mafuta mengi. Mkate ni kama sifongo, hunywa yote upewayo, na mlaji hupata kiungulia. Nusu kijiko cha chai kila upande yatosha. La tatu ni kugeuza kila mara. Kipande hakipati rangi kwa sababu hakiachwi kikatulia. La nne ni kuacha kikaango chenye mafuta motoni na kwenda kuzungumza nje. Mafuta yakishika moto msiyamwagie maji, maana yatalipuka na kutapakaa. Funikeni kwa kifuniko, mwondoe moto chini yake. Na mpini wa kikaango uelekezwe ndani, mbali na mikono ya watoto.

Wasikilizaji wetu, hatukuwaletea mapishi ya karamu. Tumewaletea kazi ya robo saa, kwa makaa ambayo yangezima bure na mkate ambao ungetupwa. Wahindi walio mbali nasi, waliokuwa na chuma na samli bila ya tanuri, waliupokea mkate wa wageni wakaufanya wao. Sisi nasi tu watu wa chuma na makaa. Tuna samli ya ng'ombe wetu, asali ya misitu yetu, maharage ya mashamba yetu na mawese ya kando ya ziwa letu. Twawasihi mjaribu juma hili, katika siku ile ambayo mkate umeanza kuwa mgumu na mkono wataka kuutupa. Mpeni mtoto kipande kikiwa moto kabla hajatoka kwenda shule. Mwalimu wake hataambiwa lolote, lakini saa nne ikifika ataona tofauti.

Kwaherini, na jiko lenu liwe na heri.